Posa ya Kavira na Baiskeli ya Kukunja

Niliondoka Butembo kwenda Beni kwa sababu ya mpwa wangu Lubamba, ambaye alitaka kuoa na hakuwa na baba wa kumsemea. Ni mtoto wa dada yangu. Sote tumetoka Kindu, kwenye ukingo wa Lualaba. Mimi Serikali ilinituma Butembo kufundisha jiografia, naye alinifuata, akakaa kwangu miaka yote ya masomo, kisha akapata kazi ya kupima viwanja kule Beni. Huko ndiko alikomwona Kavira, binti wa wakulima wa kakao wa mtaa wa Paida. Baba yake Lubamba alifariki zamani, na dada yangu hana tena nguvu ya kusafiri umbali wote ule. Alinipigia simu akasema kwamba siku ya posa, baba ni mimi.

Posa hiyo ilikuwa imeshaharibika mara moja. Siku iliyopangwa kwanza, barabara ya Beni ilifungwa asubuhi kwa sababu za usalama, nasi tukapiga simu kuomba radhi. Upande wa pili walikuwa wameshapika na kupanga viti. Mkubwa wa familia, baba mkubwa wa Kavira anayeitwa Paluku, alikuwa ametoka Manguredjipa, ambako ana mashamba, akavumilia njia yote ya matope ili awepo. Alikaa mpaka jioni akitazama viti vitupu. Na familia ile ilikuwa na kidonda. Dada yake Kavira aliolewa na mtumishi wa Serikali kutoka mkoa mwingine, mtu wa kuja kama sisi. Mume akahamishwa, akasema atatuma nauli, na tangu hapo simu yake haipatikani. Yule dada yuko nyumbani kwa wazazi na watoto wake. Kwa hiyo Baba Paluku alipotoa siku nyingine, Jumamosi saa sita mchana, alimwambia Lubamba maneno ambayo kijana aliniletea kama alivyoyasikia:

“Mara hii hatutaki simu. Tunataka mutu. Kama mutu haiko, donc hakuna posa.”

Sasa niwaeleze kuhusu baiskeli. Ninyi wa nyumbani Kindu mnajua baiskeli kuliko mnavyojua viatu, lakini hii yangu hamjaiona. Magurudumu yake ni madogo, yanapita sinia kidogo tu, na katikati ya chuma chake kuna bawaba. Ukifungua kishikio kimoja inajikunja, usukani unalala pembeni, na unabaki na kitu cha ukubwa wa sanduku la nguo. Niliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kwenye mzigo wa vitu vilivyotumika uliopitia mpaka wa Kasindi. Yeye mwenyewe hakujua ni nini. Alidhani imevunjika, akaniuzia kama chuma chakavu.

Tangu niwe nayo watu wa Butembo wamenicheka, na wana haki. Mji wao ni wa vilima na biashara. Baiskeli kwao ni ile kubwa nyeusi, inayobebeshwa magunia ya maharagwe na mwenyewe akiisukuma kwa kifua. Yangu hata mkungu mmoja wa ndizi unaielemea. Kwenye mlima inachosha miguu, kwenye mashimo inarukaruka kama mbuzi, na ikiharibika hakuna fundi mwenye kipuri chake. Lakini inalala chini ya kitanda changu, kwa hiyo haijaibwa, wakati wenzangu kadhaa shuleni wameshalia juu ya zao. Mvua ikinikuta njiani naikunja, naingia kwenye gari la mtu. Mji ukichafuka naiingiza darasani, na wanafunzi wanaendelea kuandika. Niliipenda kama mtu anavyompenda mtoto mwenye tabia ngumu.

Jumamosi alfajiri tulikuwa watu watatu kwenye kituo cha magari ya Beni: mimi, dereva Kasereka mwenye taksi tuliyoikodi, na Mama Masika. Huyu Mama Masika ni jirani yangu, Mnande wa Butembo, wa kabila moja na wakwe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa nguzo yetu. Wiki nzima alikuwa amenifundisha namna ya kuingia kwa wakwe: wapi nisimame, lini ninyamaze, na kwamba kabla mbuzi hawajatajwa nitoe kwanza blanketi la bibi yake Kavira, kwa mikono miwili. Mbuzi wenyewe Lubamba alikuwa amewakusanya Beni. Blanketi tulikuwa nalo sisi, zito, jekundu, bado liko kwenye mfuko wake wa dukani. Mpango ulikuwa kwamba Mama Masika ataketi kando yangu, na nikipotea kwenye maneno yeye atanirudisha.

Aliponiona nikiingiza baiskeli nyuma ya gari, uso wake ulibadilika.

“Prof, unaenda kuombea mutoto bibi, ama unaenda kucheza?”

Nilimwambia kwamba wiki ile wakubwa wa usalama walikuwa wamekataza pikipiki kwenye kipande cha kati ya Kabasha na Beni, kwamba hata mjini Beni zilikuwa chache, na kwamba kutoka kituoni mpaka Paida sitaki kutembea kwa miguu na viatu vya posa. Alisema msemaji wa familia hafiki kwa wakwe juu ya kitu kama kile. Kasereka alimaliza ubishi kwa kufunga mlango wa nyuma. Kikapu cha Mama Masika kilikosa nafasi nyuma, kikakaa mapajani mwake.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana. Barabara ilikuwa nyekundu na laini, na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya maharagwe na miti ya mikaratusi. Gari lilikuwa linateleza kidogo kwenye kila kona, Kasereka akilirudisha kwa vidole viwili, akituhadithia habari za watoto wake.

Kwenye kijiji cha Maboya tulisimama kunywa chai. Wanawake walikuwa wameshapanga parachichi na miwa kando ya njia, na jua lilikuwa linaanza kuwasha mabati. Kasereka hakunywa. Alikuwa amesimama anaangalia upande wa Beni. Nilipomuuliza, alisema tangu tuondoke Butembo hajapishana na gari lolote linalotoka kule. Kuanzia hapo habari za watoto wake ziliisha, akashika usukani kwa mikono miwili.

Kufika Kabasha, kwenye mlima, tulijua sababu. Kabla ya kuona mlima wenyewe tuliona mkia wa magari: malori ya mizigo, taksi, basi dogo la parokia lililojaa wanakwaya. Tulishuka, tukatembea mpaka mbele. Lori la mbao lilikuwa limeteleza kwenye mteremko, likalala likiiziba barabara yote, pua yake imeingia kwenye ukuta wa udongo na mkia unaning'inia juu ya korongo. Mbao zilikuwa zimemwagika kwenye tope. Madereva walikuwa wanasema mashine ya kulivuta itatoka Butembo, labda mchana, labda jioni. Watu wa miguu walikuwa wanazunguka kwa kijia kilichopanda juu ya ukuta ule, katikati ya migomba, ngazi za udongo zilizochongwa kwa jembe, kisha wanateremka upande wa pili.

Nilimpigia Lubamba. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema baba mkubwa ameshafika, ameshakaa, na kofia yake hajaivua. Nilimwomba ampe simu nimweleze habari ya lori. Nikasikia anatembea, nikasikia anaomba kwa heshima. Lubamba akarudi kwenye simu akasema kwamba mzee amekataa kuishika. Hakukasirika. Aliiangalia tu ile simu, akageuza uso.

Niliketi kwenye ubao mmoja wa lile lori. Nakiri kwamba kwa muda kidogo nilimfikiria dada yangu tu, namna nitakavyomwambia. Kutembea kwa miguu mpaka Beni nisingefika kabla ya jioni. Pikipiki zilikatazwa. Kasereka alisema anaweza kugeuza gari tukarudi Butembo, nyuma bado kuko wazi, na hakuna mtu atakayetulaumu. Alikuwa anasema kweli, na kama ningekuwa peke yangu labda ningekubali.

Mama Masika ndiye aliyeinuka. Goti lake moja lina ugonjwa, asingeweza zile ngazi za udongo. Alisimama akinishikilia bega, akaelekeza kidole kwenye baiskeli, ambayo huku huitwa kinga, akazungumza taratibu, bila lile jicho la kunisuta.

“Chukua kinga yako, Prof. Enda. Mimi nitabaki na Kasereka.”

Nilimwambia kwamba siwezi kuongea na wale watu bila yeye, kwamba nitakosea kila kitu.

“Kama unasahau maneno ya desturi, sema ukweli, pole pole. Banakungoja weye, hapana miye.”

Tulilifunga blanketi kwenye mfuko wake, halafu nikavua koti langu la mvua, tukalizungushia. Kasereka akalikaza kwenye kiti kidogo cha nyuma kwa kamba ya gari lake. Nikatundika viatu vya posa shingoni, nikavaa kandambili, nikapinda suruali mpaka magotini.

Juu ya ukuta wa Kabasha baiskeli yangu ilikuwa na faida na hasara kwa wakati mmoja. Hasara yake ni uzito. Kitu kikikunjwa kinakuwa kidogo, lakini uzito wake haukunjiki. Niliipachika begani, pedali ikanipiga kiunoni kila hatua, na kwenye ngazi ya udongo iliyoyeyuka nilianguka kwa magoti mara kadhaa. Faida yake niliiona nilipomkuta mwanamume mwenye baiskeli kubwa amekwama katikati ya migomba miwili. Usukani wake haukupita, mzigo wake haukupita, naye alikuwa ameanza kushusha ndizi mkungu kwa mkungu. Mimi nilipita pembeni yake. Nilipofika juu nilirudi kumshikia mkia wa baiskeli yake mpaka ikatoka, kwa sababu nisingeweza kupita nikamwacha vile. Alinishukuru, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni kinga. Aliangalia begani kwangu, akaangalia usoni, akaamua kwamba nina haraka na hana haja ya kuuliza tena.

Chini upande wa pili niliikunjua. Nilikaza kishikio, nikainua usukani, nikapanda. Magari yaliyotoka Beni nayo yalikuwa yamepanga mstari mrefu, na abiria walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Nilipita mbele ya wote, mtu mzima juu ya magurudumu madogo, viatu vikicheza kifuani. Walicheka kwa sauti, kisha mmoja akapiga makofi na wengine wakafuata. Sikuona aibu hata kidogo. Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa naenda mbele kuliko kila mtu.

Kizuizi cha askari kilikuwa mbele kidogo, kamba iliyofungwa kutoka mti mmoja mpaka mwingine. Adjida, mkubwa wa askari wale, aliyekuwa zamu ni mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu, mwenye sauti nzito. Alinyoosha mkono nisimame, akaizunguka baiskeli.

“Oyo eloko nini?”

Alikuwa anauliza kwa Kilingala ni kitu gani. Nikasema ni baiskeli. Akasema pikipiki zimekatazwa, ni amri. Nikamwambia haina injini. Aliinama kabisa, akaitafuta injini chini ya kiti, akagonga bomba la chuma kwa kucha. Kisha akasema kama ni baiskeli kweli, mbona katikati imekatwa? Nikaona njia fupi ni kumwonyesha. Niliikunja mbele yake. Mwenzake aliyekuwa anachoma mahindi aliacha mahindi, akaja. Nikaikunjua. Adjida akaomba aikunje yeye, kishikio kikambana kidole, akakivuta, akacheka peke yake kama mtu aliyefanyiwa mzaha na mtoto.

Ndipo akaniuliza naenda wapi na matope yote yale. Nilimweleza: mpwa, posa, lori, mzee aliyekataa simu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema yeye pia ameacha mke Mbandaka, na kwamba wakwe wake wanamwona kwenye picha tu tangu aletwe Mashariki. Akaenda mwenyewe kuifungua kamba.

“Papa, kimbia. Bokilo hapana ngojaka mingi.”

Bokilo ni wakwe. Nilikimbia.

Kutoka pale njia inateremka, na hewa ya Beni inakuja kukupokea, ya joto, yenye harufu ya kakao inayochachuka kwenye mikeka. Nyumba zinabadilika, migomba inakuwa mikubwa, na vumbi linaanza kushinda tope. Mteremko ule ungekuwa raha kwa baiskeli yoyote nyingine. Gurudumu dogo linaingia kwenye kila shimo ambalo kubwa lingeliruka. Mikono yangu ilikufa ganzi kwa kushika breki. Na kwenye kona moja, nikiwa naangalia blanketi nyuma badala ya njia mbele, niliingia kwenye mfereji wa maji. Baiskeli ilisimama, mimi sikusimama.

Nilipoinuka kiwiko kilikuwa kinatoka damu na upande mzima wa shati ulikuwa mwekundu kwa udongo. Hayo yalikuwa madogo. Kubwa ni kishikio cha bawaba, ambacho kilikuwa kimepinda na hakishiki tena. Nikipanda, baiskeli ilikuwa inajikunja yenyewe chini yangu. Nilijaribu kukikaza kwa mkono, nikajaribu kwa jiwe. Nikasimama katikati ya barabara nimeishikilia, nikiwa karibu kuliko wakati wowote na bado mbali.

Yule mwenye ndizi alinikuta hapo. Alikuwa ameshapakia mikungu yake yote, anateremka kwa kasi, anapiga mluzi ili watu wampishe. Alinitambua, akaburuza miguu mpaka akasimama. Alifungua mpira mmoja mrefu kutoka kwenye mzigo wake, ile mikanda wanayokata kwenye mipira ya magurudumu ya magari, tukazungusha bawaba yote, yeye akivuta na mimi nikishikilia, mpaka ikawa ngumu kama mfupa. Kisha akapanda tena, akanipita na ndizi zake zote, na sikumwona tena. Nakubali: kwenye mteremko, baiskeli kubwa ni baiskeli kubwa.

Beni niliingia jua likiwa juu ya kichwa. Niliuliza njia ya Paida kwa mwanamke aliyekuwa anaanika kakao, akanionyesha kwa mdomo bila kuacha kazi. Nilipokata kona ya mwisho, kengele ya misheni ilianza kulia kwa sala ya mchana. Nilikanyaga zile pedali kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya shule.

Uani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na watu waliokuwa wameanza kusimama. Lubamba alikuwa amevaa suti, amesimama kando ya mbuzi, uso wake umekauka. Katikati alisimama mzee mnene, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nilijua ni Baba Paluku bila kuonyeshwa. Nilishuka, nikaiegemeza baiskeli, nikavaa viatu vya posa juu ya miguu yenye tope kwa sababu sikuwa na njia nyingine, nikasogea mpaka mahali ambapo Mama Masika alinifundisha nisimame. Maneno yote aliyonifundisha yalikuwa yameondoka.

Nilisema jina langu, na jina la dada yangu, na kwamba nimetoka Butembo.

Mzee hakuniangalia mimi. Aliiangalia baiskeli, ambayo mkanda wake wa mpira ulikuwa umeanza kulegea, na mbele ya macho yetu sote ikajikunja polepole ikalala chini. Watu walijizuia kucheka. Yeye hakucheka.

“Mutu ya État na kinga ya kukunja,” alisema, yaani mtumishi wa Serikali. “Njo vile banafanyaka. Banakunja bintu yabo, banaenda.”

Mwanamke mmoja alikuwa amefika kando yangu na beseni la maji ya kunawa. Alisimama palepale, beseni mikononi. Kwa namna wengine walivyoepuka kumwangalia, nilielewa kwamba ni yule dada aliyeachwa. Sikuweza kusema maneno matamu mbele yake. Nilisema ukweli, pole pole, kama nilivyoambiwa.

“Baba, ni kweli inakunjwaka. Leo asubuhi pale Kabasha njia ya kurudi Butembo ilikuwa wazi, na gari ilikuwa pale. Ningeikunja, ningerudi, ningewapigia simu. Niliikunjua. Serikali inaweza kunihamisha kesho, mimi siwezi kukudanganya juu ya hiyo. Mais siku Kavira akiwa na shida katika nyumba ya huyu mutoto, aniite mimi. Popote nitakuwa, nitakuja. Mumeona vile ninakuja.”

Nilikuwa nimeishiwa. Mbuzi mmoja akakohoa. Dada yake Kavira aliweka beseni chini. Hakunipa maji. Alikwenda kwanza kuinua baiskeli, akaisimamisha, akachukua kitambaa kiunoni mwake, akaanza kuipangusa tope, usukani, kiti, magurudumu, bila haraka, akiwa ametugeuzia mgongo. Baba Paluku alimwangalia mpaka alipomaliza na kuiegemeza kwenye kivuli cha nyumba. Mzee akashusha macho.

Kutoka kwenye mkeka karibu na mlango, bibi yao, ambaye wote wanamwita Mukaka, aliuliza kwa Kinande kama yule mgeni ana kitu chochote mkononi au amekuja kumwaga udongo tu. Walinitafsiria. Nilifungua kamba ya Kasereka. Koti langu la mvua lilikuwa halitambulikani, limechanika upande mmoja na lote ni tope. Nililifungua kwa vidole. Ndani yake mfuko ulikuwa mzima, na ndani ya mfuko blanketi lilikuwa kavu, safi, mikunjo ya dukani bado imenyooka. Nilinawa haraka, nikapiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

Alilipapasa. Alilinusa. Akaliweka mapajani mwake akaweka viganja vyote viwili juu.

“Wasingya,” alisema, yaani asante kwa Kinande. Kisha akamwambia Baba Paluku kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: “Weye, vua kofia, ikala. Mugeni iko na njaa.”

Baba Paluku alivua kofia. Akaketi, na uani pote watu wakaketi naye.

Sikuwahi kuona mchana mwingine kama ule. Mbuzi walikaguliwa, wakabishaniwa kwa furaha, wakapokelewa. Kavira aliitwa, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua, na sauti yake haikutetemeka. Lubamba alilia akasingizia moshi. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa chumvi na sombe ya majani ya muhogo, na Baba Paluku mwenyewe alinisogezea bakuli la nyama. Akataka kujua baiskeli ile inaweza kubeba nini. Nilipomwambia kwamba haibebi karibu chochote, aliridhika sana. Naona alifurahi kumpata mtu asiyesifu kitu chake kupita kiasi. Akataka kuipanda. Akaipanda. Alizunguka mara moja uani magoti yake yakigusa kidevu, wajukuu wakimkimbilia nyuma, na Mukaka akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya lile blanketi.

Jioni jua likiwa linazama, Mama Masika na Kasereka waliingia uani, wamejaa tope mpaka mabegani. Lori lilikuwa limevutwa. Mama Masika alikuwa ameandaa hotuba nzima ya kuokoa posa. Alipoona mbuzi wameshafungwa upande wa wenye nyumba na mimi nimekaa kando ya Baba Paluku na mfupa mkononi, alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Nadhani ilimuuma kidogo kuikosa shughuli. Lakini walimpa nafasi ya heshima karibu na Mukaka, na kabla ya chakula kuja walishagundua babu zao walitoka kilima kimoja huko Lubero.

Jumapili baada ya misa tulianza kurudi, na hapo baiskeli ilinionyesha ubaya wake wote. Wakwe walijaza nyuma ya gari: ndizi, mapapai, mafuta ya mawese, kuku wawili waliofungwa miguu. Hakukuwa na nafasi hata ya kiatu. Baiskeli kubwa ingefungwa juu ya gari bila maneno, lakini yangu, kwa kuwa inakunjika, kila mtu aliona ni haki niipakate. Nilisafiri kutoka Beni mpaka Butembo na chuma mapajani, mnyororo ukinipaka grisi kwenye suruali ya pekee iliyokuwa imebaki safi. Mama Masika alilala njia nzima, kichwa chake kwenye kiti cha baiskeli, na sikuthubutu kumwamsha.

Kishikio kilikaa wiki nyingi bila kutengenezwa. Mafundi wa Butembo wote walikitazama, wakakipenda, wakanirudishia. Mwishowe mchomeleaji mmoja alinitengenezea kingine kutokana na bawaba ya mlango. Si kizuri, ila kinashika.

Mkiniuliza sasa, ninyi wa nyumbani, kama mtu anunue baiskeli ya kukunja, nitawaambia yote mawili. Haifai kwa mzigo, haifai kwa mashimo, haifai kwa mtu anayeogopa kuchekwa. Inakuchosha ukiipanda na inakuchosha ukiibeba. Lakini inakwenda na wewe. Baiskeli nyingine ingebaki Butembo nyumbani kwangu siku ile, imefungwa kufuli, salama kabisa, na mimi ningebaki juu ya ubao pale Kabasha. Hii ilikuwa ndani ya gari nilipoihitaji. Nilijifunza kwamba watu walioachwa na wengi hawakuombi uwe tajiri wala usiwe mgeni. Wanataka kukuona umesimama uani kwao.

Lubamba na Kavira walifunga ndoa katika parokia ya Paida wakati wa mavuno ya kakao. Dada yangu aliisikiliza misa kwenye simu ya mtu, kutoka Kindu. Padri aliposema wazazi wa bwana arusi wasimame, niliangalia kushoto na kulia kwa mazoea, kisha nikakumbuka, nikasimama. Baba Paluku, kwenye benchi la upande wa pili, alisimama pamoja nami.